Wakazi wa Mpakani na Ulaghai wa Simu za Mkopo

Miongoni mwa malalamiko yanayofikishwa katika vituo vyetu vya mpakani yako yale ambayo mlalamikaji huyaeleza kwa sauti ya chini, huku akitazama mlangoni asije akasikiwa na jirani. Amepigiwa simu na mtu asiyemjua, ameahidiwa simu mpya ya mkopo, amelipa, na simu haikufika. Wengi huja baada ya wiki kadhaa, wakati fedha zimekwisha kutolewa kwa wakala na laini iliyotumika imekwisha kuzimwa. Tumeona vema tueleze kwa kirefu jinsi ulaghai huu unavyofanyika, na kwa nini unatupata sisi wa mpakani kwa namna ya pekee.

Kwanza tuseme wazi kwamba simu za mkopo zenyewe si uongo. Nchini Kenya, mwaka 2020, kampuni ya Safaricom ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alitoa malipo ya awali kisha akalipa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Hapa Uganda pia zipo kampuni zinazouza simu kwa malipo ya kidogo kidogo. Mteja hukabidhiwa simu, naye akichelewesha malipo simu hujifunga hadi alipe. Ni biashara halali, na imewafikia waendesha bodaboda na akina mama wa sokoni ambao wasingeweza kutoa bei yote kwa mara moja. Tapeli hakubuni kitu kipya. Amejibandika kwenye jambo ambalo watu wamekwisha kuliamini.

Huanza kwa heshima, naye hukuita kwa jina lako. Jina hilo ndilo linalowalegeza wengi: amelijuaje kama si afisa wa kweli? Jibu ni jepesi. Mtu akiandika namba yako katika huduma ya kutuma fedha, jina la mwenye laini huonekana kabla hajathibitisha. Tapeli huanza kutuma, husoma jina, kisha husitisha. Hakutumia hata shilingi moja, na tayari anakuita Mama fulani au Mzee fulani kama aliyekufahamu tangu zamani.

Hapo hujitambulisha kuwa afisa wa mtandao. Atasema umekuwa mteja mwaminifu na umechaguliwa upewe simu kwa mkataba wa mwaka mmoja kwa nusu ya bei, lakini nafasi inafungwa leo saa kumi jioni. Ukitaka kumwuliza mumeo, mkeo au mwanao, atakuomba usikate simu. Hili la kutokata simu tunaomba mlitie akilini kuliko yote, kwa kuwa ndilo linalomzuia mtu kufikiri na kuuliza. Kampuni inayouza kwa haki haidhuriki mteja akikata na kurejea kesho.

Baada ya hapo huomba fedha, au huomba siri, na mara nyingine vyote viwili. Fedha huitwa malipo ya awali na hutakiwa zitumwe kwa namba ya mtu binafsi. Zikifika, huzuka ada ya kusafirisha. Kisha hudai kwamba simu imezuiliwa forodhani upande wa pili na ni lazima ikombolewe. Mkazi wa mbali na mpaka angeweza kulitilia shaka dai hilo. Sisi tunaoyaona malori yakisubiri Malaba na Mutukula tunaliona la kawaida, kwani tunajua mzigo huweza kukwama. Tapeli naye anajua kwamba tunajua.

Siri anazoziomba ni za aina kadhaa. Namba ya siri ya fedha za simu kila mtu anaijua, na wengi hawaitoi kwa urahisi. Hatari zaidi ni ile namba fupi inayoingia kwa ujumbe wakati mnazungumza, ambayo yeye huiita namba ya mkataba. Namba hiyo imetumwa na mtandao, au na WhatsApp, kwa sababu yeye mwenyewe anajaribu wakati huohuo kuingia katika akaunti yako. Ukimsomea, umemfungulia mlango. Kuna pia anayekuagiza ubonyeze nyota mbili, 21, nyota, kisha namba anayokutajia, na alama ya reli mwishoni. Agizo hilo huhamisha simu zote unazopigiwa ziende kwake, hata ile ambayo benki au mtandao ungekupigia kukuuliza kama ni wewe. Aliyekwisha kubonyeza aandike ##002# kisha apige. Uhamisho huo utafutwa. Mwingine huomba picha ya kitambulisho cha taifa, mbele na nyuma. Picha hiyo humpa namba na taarifa zako zote, naye huweza kujaribu kuzitumia kuomba mkopo ambao utadaiwa wewe.

Sasa tuje kwenye mpaka wenyewe. Wengi wetu tuna laini mbili, ya Uganda na ya Kenya au Tanzania, kwa sababu wateja wetu wako pande zote. Namba za simu za nchi hizi tatu nyingi huanza na 07 zinapoandikwa kwa mtindo wa nyumbani, hivyo namba iliyoandikwa kwenye karatasi au ukutani haikuambii ni ya nchi gani. Simu ikiita, tazama mwanzo wake: +256 ni Uganda, +254 ni Kenya, +255 ni Tanzania. Anayedai kuwa afisa wa mtandao wa Uganda, ilhali namba yake ni ya nchi nyingine, amekwisha kujifichua. Namba ya nyumbani nayo si uthibitisho wa lolote. Safaricom, kwa mfano, huwapigia wateja wake kwa namba 0722 000 000, wala si kwa laini ya kawaida ya mtu.

Liko jambo jingine ambalo watu wa miji ya ndani hawanalo. Hapa kwetu simu hupoteza mtandao mara kwa mara, au hushika mnara wa nchi jirani, nasi tumezoea. Tapeli aliyepata taarifa zako huweza kufaulu kubadilishiwa laini, yaani namba yako ikahamishiwa kwenye kadi aliyo nayo yeye. Dalili ya kwanza ni simu yako kukosa mtandao ghafla. Mkazi wa mpakani husema ni mnara tu, akalala, na alfajiri hakuta kitu. Kipimo chake ni rahisi: mwulize jirani mwenye laini ya mtandao uleule. Kama yake inafanya kazi na yako imekufa, nenda mara moja katika duka la mtandao ukiwa na kitambulisho chako.

Anayetaka simu ya mkopo na aende dukani kwa miguu yake. Muuzaji halali hukutana nawe ana kwa ana, huona kitambulisho chako mkononi mwako, hukupa simu unapotoa malipo ya awali, na malipo huenda kwenye akaunti ya kampuni. Kabla ya kuthibitisha malipo yoyote soma jina linalotokea. Likiwa la mtu badala ya kampuni, sitisha. Na ukipigiwa, kata, kisha wewe mwenyewe upige 100, ambayo ndiyo namba ya huduma kwa wateja ya MTN na Airtel hapa Uganda na ya mitandao ya Tanzania pia. Usipige namba aliyokupa mpigaji, kwani mwenzake ndiye atakayepokea.

Kwa aliyekwisha kutuma fedha, dakika zina thamani kuliko maelezo. Aanze na mtandao ambao fedha zimetoka, aombe zizuiwe, kwa sababu fedha ambazo hazijatolewa kwa wakala huweza kushikwa. Kisha aje kituoni bila kufuta ujumbe wala orodha ya simu, tuandikishe maelezo yake na kumpa namba ya kumbukumbu. Kuandikisha malalamiko hakulipiwi, na anayekudai fedha kwa ajili hiyo umshitaki kwa mkuu wa kituo. Wakazi wengi hutuuliza waende upande gani, hasa kama fedha ziliangukia laini ya Kenya. Anzia upande ambao fedha zimetoka. Ili kupata kumbukumbu za laini ya nchi jirani hatuna budi kupitia kwa wenzetu wa upande huo, na kwa ushirikiano wa aina hiyo wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki waliunda umoja wao, EAPCCO, mwaka 1998. Njia hiyo ipo, lakini si ya siku moja. Tusiwadanganye: fedha zilizokwisha kutolewa na kuvushwa ni vigumu sana kuzirejesha. Ndiyo maana tunasisitiza ile saa ya kwanza.

Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, ulaghai wa kielektroniki huweza kumfikisha mtu gerezani kwa muda usiozidi miaka 15. Tunaitaja sheria hii si kwa ajili ya matapeli pekee. Laini inayotumika kuibia ni lazima iwe imesajiliwa kwa jina la mtu, na mara nyingi jina hilo si la tapeli. Ni la kijana aliyepewa fedha kidogo ili asajili laini tano na kuzikabidhi, au la bibi aliyebonyezeshwa kidole mara mbili na wakala wa barabarani, akaambiwa ile ya kwanza haikushika, kumbe laini mbili zimesajiliwa. Upelelezi unapoanza, mlango wa kwanza kubishwa ni wa mwenye jina. Atapata nafasi ya kujieleza, ila atajieleza akiwa mshukiwa.

Kwa hiyo wazazi wawaulize vijana wao wamesajili laini ngapi na ziko wapi. Nchini Kenya na Tanzania mtu huweza kubonyeza *106# akajua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Hapa kwetu aende katika duka la mtandao na kitambulisho chake, aombe kuonyeshwa. Laini asiyoitambua, au aliyompa mtu mwingine, aombe ifungwe siku hiyohiyo, na kama alimpa mtu kwa malipo, apitie kituoni atuambie kabla hatujamfuata.