Kumhesabu Silikanti wa Tanga: Njia Ipi Inastahili Fedha Yako?

Ukipewa fungu la kufuatilia hali ya silikanti wa Tanga, wauzaji hawatakosekana. Mmoja atakuja na roboti, mwingine na wazamiaji, wa tatu na vifaa vya kupima maji maabara. Kabla ya kuuliza bei, muulize kila mmoja anauza jibu la swali gani: samaki yupo? Wako wangapi? Makazi yake yakoje? Hakuna chombo kinachojibu yote matatu kwa bei moja.

Mjue na samaki mwenyewe. Silikanti hushinda kwenye mapango ya miteremko ya bahari, usiku hutoka kuwinda. Tanga amepatikana zaidi kati ya mita 70 na 140 kwenda chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kuwa anaweza kuishi karibu miaka 100, hukomaa akiwa na miaka 55 hivi na hubeba mimba miaka 5. Kwa samaki wa namna hiyo, hesabu ya msimu mmoja haisemi kama anapungua. Unachonunua ni huduma ya miaka mingi.

Nyambizi ndogo. Ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo iliyoleta hesabu bora. Tangu 1987 Mjerumani Hans Fricke na wenzake walizama Komoro kwa Geo, kisha kwa JAGO, nyambizi ya watu 2 inayofika mita 400. Kila silikanti ana mpangilio wake wa madoa meupe, kwa hiyo waliwatambua mmoja mmoja kwa picha: 145 katika miaka 21. Lakini utalipia meli, winchi, marubani na bima, bahari ikiwa shwari au ikichafuka.

Wazamiaji. Mwaka 2000 wazamiaji waliwakuta silikanti Sodwana Bay, Afrika Kusini, kwenye kina cha mita 100 na ushee. Kina hicho kinahitaji hewa iliyochanganywa na heliamu, na dakika chache za chini hulipwa kwa saa kadhaa za kupanda. Waliporudi baadaye mwaka huohuo kupiga picha, mzamiaji mmoja alifariki. Kwa kazi ya kurudiwa kila mwaka, iache.

Roboti ya waya. Wajapani wa jumba la viumbe wa majini la Aquamarine Fukushima waliitumia kumpiga picha silikanti akiwa hai Tanga mwaka 2007. Ndogo huuzwa kwa dola elfu kadhaa. Za utafiti mkubwa ni mbali sana na hapo. Soma karatasi ya vipimo kwa makini: nyingi za bei nafuu zinaishia mita 100, yaani zitakomea katikati ya makazi ya samaki huyu. Dai inayofika 200 au zaidi, yenye waya mrefu kuliko kina chenyewe, maana mkondo huuvuta waya pembeni. Kwa kukagua mapango, hakuna chaguo bora kwa bei hiyo.

Kamera ya chambo na vinasaba vya maji. Kamera ndogo ya michezo ni rahisi kununua, ila bila kasha nyingi huvumilia mita 10 tu, na kasha la kawaida la kuzamia hufika 60. Kasha la kina kirefu na taa ndivyo vitakavyokula fedha. Vinasaba ambavyo samaki huacha majini, vikipimwa maabara, vinaweza kuonyesha kuwa alipita hapo. Havikuambii ni wangapi wala pango lipi.

Daftari la diko. Silikanti wa Tanzania walijulikana kuanzia 2003 kwa sababu walinaswa na majarife ya papa, wala si kwa chombo cha kitaalamu. Gharama yake ni posho ya mwandishi, futi ya kupimia, mizani na simu yenye kamera. Aandike tarehe, mahali, kina, urefu, uzito, na apige picha ubavu wa kulia na wa kushoto ili madoa yaonekane. Aandike pia majarife yaliyotegwa: samaki 2 kwa majarife 10 si sawa na 2 kwa majarife 100. Kasoro ni mbili. Daftari hili huhesabu waliokufa, na mvuvi anayeogopa kukamatwa kwa kumnasa silikanti humtupa samaki baharini kabla hajafika pwani.

Ununue nini? Mwenye fungu dogo aanze na daftari, na atenge fedha za vikao na wavuvi wa vijiji kama Kigombe na Mwarongo, ili anayeripoti ajue hatageuzwa mshitakiwa. Fungu la kati liongeze roboti ya mita 200, irudi kwenye mapango yaleyale kila mwaka. Nyambizi ingoje mfadhili mkubwa. Na mradi wowote ukikuletea bei ya mwaka wa kwanza tu, omba ya mwaka wa kumi kabla hujatia saini.