"House", "home" au "household"? Maneno ya Kiingereza kuhusu makazi ya kuelewa kabla hujajibu

Afisa anapofika kwako na fomu au simu mkononi, maswali yake mengi yanahusu mahali unapolala: umejenga nini, unaishi na nani, kiwanja ni cha nani, ulitoka wapi. Fomu nyingi nchini Uganda zimeandikwa kwa Kiingereza, na mkalimani hapatikani kila siku. Neno moja likieleweka vibaya, familia inaweza kuandikwa kuwa na watu pungufu, au mtu akaweka sahihi kwenye mkataba wa chumba asichokitaka.

Makala hii inaeleza maneno utakayoyasikia mara kwa mara Rhino Camp, Imvepi na Lobule, na pia katika miji ya Arua na Koboko. Yanawafaa wakimbizi na wenyeji, kwa sababu fomu za serikali na za mashirika huwauliza wote.

Maneno matatu yanayochanganya watu zaidi

"House" ni jengo: kuta, paa na mlango. Ukiulizwa kuhusu "house", zungumzia kilichojengwa.

"Home" ni nyumbani, na hapa ndipo penye mtego. Swali "Where is your home?" linaweza kumaanisha mahali unapoishi sasa au kule ulikotoka. Anayejibu "Ofua" na anayejibu jina la kijiji chake kule Congo wote wanaweza kuwa sahihi, lakini majibu hayo yanaandikwa sehemu tofauti. Sikiliza maneno yanayoambatana nalo. "Home country" na "place of origin" ni ulikotoka. "Current address" ni unapoishi leo: taja makazi, zoni, kijiji au bloku, na namba ya kiwanja kama unayo.

"Household" ni kaya, yaani watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Si jengo. Tuseme mama ana nyumba yake ya udongo, vijana wake wa kiume wana yao pembeni, na jiko liko peke yake. Jioni wote wanakula kutoka chungu kimoja. Akiulizwa "How many houses?" atahesabu majengo. Akiulizwa "How many households?" jibu ni moja. Akisema tatu, watoto wake wanaweza kuandikwa kama kaya nyingine.

Kinyume chake pia hutokea. Ndugu wawili wanaweza kuishi katika uwanja mmoja, lakini kila mmoja anapika na kula kwake na mke na watoto wake. Hizo ni kaya mbili, ingawa ukoo ni mmoja.

Jambo hili linawagusa wenyeji pia. Boma la Walugbara au la Wakakwa mara nyingi lina nyumba kadhaa ndani ya uwanja mmoja. Kwa Kiingereza boma lote huitwa "homestead", na ule uwanja unaozunguka nyumba huitwa "compound". Katika sensa ya Uganda ya Mei 2024, watu walihesabiwa kwa kaya, si kwa idadi ya mapaa.

Kumbuka: kaya inayoandikwa na mtafiti aliyekuja kuuliza maswali si lazima ilingane na familia iliyo kwenye karatasi yako ya usajili wa ukimbizi. Mtoto akizaliwa, au mtu akihama au kufariki, peleka taarifa kwenye dawati la usajili la Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM. Kumwambia mtafiti peke yake hakubadilishi karatasi hiyo.

Maneno ya aina za majengo

- "Tent" ni hema. Hutumika zaidi kwenye vituo vya mapokezi au wakati wa dharura.
- "Tarpaulin" au "plastic sheet" ni turubai, ambalo wengi huliita shitingi. Hilo ni kifaa cha kujengea, si nyumba.
- "Shelter" ni mahali popote pa kujikinga na mvua, jua na baridi. Inaweza kuwa turubai juu ya miti au nyumba nzima ya matofali. Neno hili huungana na mengine: "bathing shelter" ni bafu la kuogea, na "animal shelter" ni banda la mifugo. Kwa hiyo sikiliza neno linalotangulia kabla ya kujibu "ninayo" au "sina".
- "Hut" hutamkwa karibu na "hat". Ni nyumba ndogo, mara nyingi ya duara, ya udongo na paa la nyasi. Majirani kutoka Sudan Kusini huiita tukul, na neno hilo hutumiwa hata kwenye ripoti za Kiingereza.
- "Grass-thatched" maana yake imeezekwa kwa nyasi. "Iron sheets" ni mabati.
- "Mud and wattle" ni ukuta wa fito uliokandikwa udongo. "Burnt bricks" ni matofali ya kuchoma, na "unburnt bricks" ni matofali mabichi yaliyokaushwa juani.

"Permanent" haimaanishi ni yako milele

Fomu nyingi hugawa nyumba katika makundi matatu: "temporary", "semi-permanent" na "permanent". Watu wengine wakisikia "permanent" huogopa, wakidhani wanaulizwa kama wanakusudia kubaki Uganda daima. Wengine hufurahi, wakidhani wamepewa hati ya ardhi. Wote wamekosea. Maneno haya yanahusu vifaa vya ujenzi tu.

"Temporary" ni nyumba ya vifaa visivyodumu, kama udongo, nyasi au turubai. "Permanent" ni nyumba ambayo paa, kuta na sakafu vyote ni imara, kama mabati, matofali ya kuchoma na saruji. "Semi-permanent" iko katikati, kwa mfano kuta za udongo na paa la mabati.

Haki juu ya ardhi ni suala jingine kabisa. Kiwanja ulichopewa ndani ya makazi huitwa "plot". Kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 na kanuni zake za 2010, mkimbizi anaruhusiwa kutumia ardhi aliyopewa kwa kuishi na kulima, lakini hana ruhusa ya kuiuza wala kuikodisha. Hapa West Nile sehemu kubwa ya ardhi ni ya koo za wenyeji, nao ndio waliokubali itumike kwa makazi. Kwa hiyo mtu akikuletea karatasi inayosema anakuuzia "plot" ndani ya makazi, usitoe pesa, hata kama juu yake pamejengwa nyumba nzuri ya matofali. Pesa hiyo inaweza kupotea, na ugomvi na wenye ardhi ukaanza.

Makazi, kambi na vituo

"Settlement" ni makazi: eneo ambalo familia hupewa kiwanja cha kujenga na kulima kidogo. "Camp" ni kambi, ambako kwa kawaida watu hukaa karibu karibu bila ardhi ya kulima. Rhino Camp ni "settlement", ingawa jina lake lina neno "camp". Hilo ni jina la zamani la mji ulio kando ya Mto Nile. Ukijaza fomu, andika "Rhino Camp Refugee Settlement".

"Collection point" na "transit centre" ni vituo vya kupita, kama Kuluba wilayani Koboko, ambako watu hupokewa karibu na mpaka. "Reception centre" ni kituo cha mapokezi, ambako mtu husubiri usajili na kiwanja. Ukiulizwa ulikaa wapi ulipofika, taja vituo kwa mpangilio uliovipitia.

Angalia pia jina la wilaya. Zamani Rhino Camp na Imvepi zilikuwa ndani ya wilaya ya Arua. Leo Imvepi iko wilaya ya Terego, na Rhino Camp imegawanyika kati ya Terego na Madi-Okollo. Arua yenyewe ni jiji tangu Julai 2020. Lobule iko wilaya ya Koboko.

Ukikodi chumba Arua au Koboko mjini

- "Single room" ni chumba kimoja. Vyumba vya namna hii vilivyojengwa kwa safu huitwa pia muzigo, neno la Kiganda linalojulikana Uganda nzima.
- "Double room" kwa mwenye nyumba za kupanga ni vyumba viwili, sebule na chumba cha kulala. Lakini kwenye "lodge", yaani nyumba ya wageni, "double" ni chumba kimoja chenye kitanda cha watu wawili. Uliza kabla ya kulipa.
- "Self-contained" maana yake choo na bafu viko ndani. Kama sivyo, utatumia vya pamoja nje.
- "Boys' quarters" ni vyumba vidogo nyuma ya nyumba kubwa.
- "Hostel" ni bweni, hasa la wanafunzi.
- "Landlord" ni mwenye nyumba, na "tenant" ni mpangaji. Ndani ya makazi, "landlords" ni wenyeji wenye ardhi.
- "Rent" ni kodi ya nyumba, na "deposit" ni amana. Uliza kama amana inarudishwa unapohama.

Sheria ya Uganda ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inataka mkataba wa thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Hata kama kodi yako ni ndogo, omba risiti kila unapolipa, yenye tarehe, kiasi na mwezi uliolipiwa.

Usipoelewa, sema

Kuuliza si ujinga. Sentensi hizi fupi zinatosha:

- "Please repeat." Tafadhali rudia.
- "I need an interpreter." Nahitaji mkalimani.
- "Do you mean the building or the people?" Unamaanisha jengo au watu?
- "Now, or before I came to Uganda?" Sasa, au kabla sijafika Uganda?

Omba usomewe majibu yako kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Kosa likiwa limeshaandikwa, nenda mapema kwenye dawati la malalamiko la shirika husika au ofisi ya OPM katika makazi yako, ukiwa na karatasi zako. Kiongozi wa kamati ya wakimbizi, RWC, anaweza kukusindikiza. Mwenyeji aanze kwa mwenyekiti wa LC1.

Mwenye mtoto anayesoma amsomee orodha hii jioni, na yeye amfundishe matamshi. Siku afisa akija, kila mmoja nyumbani ajue tofauti ya "house" na "household".