Sakafu, Boriti na Matumbawe: Chimbuko la Ujenzi wa Mawe katika Upwa wa Waswahili

Kwa muda mrefu wataalamu walioyachunguza magofu ya upwa wa Afrika Mashariki waliyatazama kama kazi ya wageni. James Kirkman, aliyechimbua Gedi kuanzia mwaka 1948, na Neville Chittick, aliyefanya kazi Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, waliona katika misikiti na majumba hayo mkono wa walowezi kutoka Uajemi na Arabuni. Mtazamo huo ulipata nguvu kutokana na tarikh ya Kilwa, inayomtaja Ali bin Hasan wa Shiraz kuwa mwasisi wa ufalme. Jambo lenyewe halikuwa dogo, kwani aliyekana kwamba Mswahili ndiye aliyejenga nyumba yake alikuwa karibu pia kukana kwamba lugha na ustaarabu wake ni vyake.

Ushahidi uliotikisa mtazamo huo ulipatikana Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako Mark Horton alichimbua katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa palikutwa mabaki ya misikiti iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Misikiti hiyo ya kale ilikuwa midogo na ilijengwa kwa miti na udongo, kama zilivyokuwa nyumba za wenyeji waliokuwa wakiizunguka. Mawe yalifuata baadaye. Yaani hapakuwa na siku ambayo jahazi lilishusha jengo lililokamilika. Palikuwa na mji uliosilimu na kukua, vizazi kwa vizazi, mahali pale pale.

Mawe yenyewe yalitoka baharini. Mafundi wa mwanzo walikata matumbawe yaliyokuwa yangali hai, ambayo huwa laini yakiwa mabichi na huwa magumu yakishakauka, wakayachonga kwa urahisi. Baadaye kuta zilijengwa zaidi kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu yaliyoshikizwa kwa chokaa, na matumbawe ya baharini yakabakizwa kwa ajili ya mihirabu, vizingiti na nakshi. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni.

Juu ya kuta hizo zililazwa boriti za mikoko, na hapa ndipo ilipo siri ya umbo la nyumba ya Kiswahili. Boriti haikuweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa upana unaozidi sana mita 3. Kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, vikipangwa kimoja nyuma ya kingine. Katika nyumba za Lamu, ambazo nyingi zilizosalia ni za karne ya 18, mgeni huanzia dakani, akapita tekani hadi kiwandani, kisha hukutana na msana wa tini, msana wa yuu na ndani. Kila hatua humwondoa katika mwanga na macho ya watu. Mkoko ulipima upana. Heshima na sitara zikapanga mfuatano.

Msamiati nao hutoa ushahidi wake. Maneno ya msingi, kama jenga, nyumba na mlango, ni ya Kibantu. Dirisha limetoka Kiajemi. Neno sakafu linastahili kutazamwa zaidi: kwa Kiarabu asili yake, saqf, ni paa au dari, ilhali Mswahili huikanyaga sakafu kwa miguu. Mageuzi hayo yanaeleweka mtu akiifikiria nyumba ya ghorofa, ambamo tabaka lile lile la mawe na chokaa lililopigwa juu ya boriti ni paa kwa aliye chini na ni chini kwa aliye juu. Neno lilikopwa, lakini maana yake ilikomaa ndani ya nyumba ya mwenyeji.

Hata hivyo, si haki kuukana mchango wa ng'ambo. Utafiti wa vinasaba vya kale uliochapishwa mwaka 2023 umeonyesha kwamba, kuanzia karibu mwaka 1000, wanawake wa Kiafrika na wanaume wenye asili ya Asia, hasa Uajemi, walizaa pamoja katika miji hii. Kilwa, mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, akaupanua Msikiti Mkuu kwa kuba. Kuba ziliukwepa ukomo wa boriti, lakini sehemu hiyo ya msikiti iliporomoka na kujengwa upya katika karne ya 15. Husuni halikukamilika kamwe.

Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 alitaja nyumba za miti. Pengine alikuwa ameutazama mji wote: watu wengi waliishi katika nyumba za udongo na makuti, ambazo haziachi magofu ya kupigwa picha.

Boriti, kwa upande wake, zilisafiri. Majahazi yalizipeleka Omani na Ghuba hadi katika karne ya 20, na huko pia vyumba vya kale vina upana uliopimwa na mkoko wa Rufiji na Lamu.