Mistari Miwili ya Mwisho: Tathmini na Maoni katika Mazoezi ya Kufundisha

Kila mwanachuo wa ualimu, awe wa chuo cha ualimu au wa chuo kikuu, hufikia wakati wa kuyaweka kando madaftari yake ya saikolojia na mbinu za kufundishia, akaenda kukaa majuma kadhaa shuleni akiwafundisha watoto wenyewe. Kipindi hicho tunakiita mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo hukiendea kwa hamu na kwa hofu. Huwaza juu ya azimio la kazi, andalio la somo, zana, sauti yake na mwandiko wake ubaoni. Na zaidi ya yote huwaza juu ya siku ile mkufunzi atakapoingia na kuketi nyuma ya darasa, kalamu mkononi.

Katika makala hii tunakusudia kueleza sehemu moja tu ya kazi hiyo, nayo ni ile inayoandikwa mwisho na kufikiriwa kidogo kuliko zote. Mitaala imebadilika mara kadhaa, na pamoja nayo majina ya hatua za somo. Lakini kwa miaka mingi andalio la somo limekuwa likimalizikia kwenye nafasi mbili fupi: tathmini na maoni. Twasadiki kwamba mwanachuo akijifunza kuijaza mistari hiyo miwili kwa ukweli, atakuwa amepata shabaha kuu ya mazoezi yake. Asipojifunza, anaweza kurudi chuoni na alama nzuri bila kuwa mwalimu.

1. Shule inampa mwanachuo nini?

Mwaka 1904 mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, John Dewey, aliandika juu ya uhusiano wa nadharia na vitendo katika kuwaandaa walimu. Alitofautisha usikivu wa nje wa mtoto na usikivu wake wa ndani. Mtoto aweza kuketi wima, macho kwa mwalimu, mikono juu ya dawati, huku fikra zake ziko mbali kabisa. Hofu ya Dewey ilikuwa kwamba mwalimu mchanga atajifunza kwanza mbinu za kudumisha utulivu, kwa kuwa hizo ndizo zinazomwokoa siku ile. Na akishazizoea, hatakuwa na mazoea ya kutazama jinsi akili ya mtoto inavyofanya kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dwight Allen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliutengeneza mtindo wa kufundisha vipindi vya dakika chache mbele ya kikundi kidogo, mwanachuo akijizoeza stadi moja kwa wakati: kuanza somo, kuuliza maswali, kutoa mifano. Katika vyuo vyetu mtindo huo hutumika kwa wanachuo kufundishana wenyewe kwa wenyewe, nao husaidia sana. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba mwanachuo mwenzako anayejifanya mtoto wa Darasa la Tatu anajua tayari kwamba 52 kutoa 28 ni 24. Hawezi kukuonyesha mtoto hukosea wapi na kwa nini. Jambo hilo hupatikana shuleni tu, na ndilo linaloifanya safari ya kwenda huko iwe na maana.

2. Maneno yasiyosema kitu

Sisi wakufunzi hupitia maandalio mengi kila msimu wa mazoezi. Chini ya mengi tunakuta maneno yale yale: "Somo limeeleweka vizuri." Mengine husema: "Wanafunzi wengi wameelewa," na upande wa maoni: "Wasioelewa watapewa mazoezi zaidi." Yako hata maandalio ambayo mistari hiyo imeandikwa usiku, kabla ya somo lenyewe kufundishwa.

Tuyapime maneno hayo. "Wengi" ni wangapi? Wasioelewa ni akina nani? Hawakuelewa nini hasa? Na hayo mazoezi zaidi yatakuwa ya namna gani, ikiwa mazoezi ya leo yamewashinda? Mtoto asiyeelewa yumo ndani ya neno "wengi" kwa kuwa hakutajwa nje yake. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa la kutoa lililofichwa katika Darasa la Tatu hujitokeza katika kugawanya, kisha katika desimali, na mara nyingi hujitokeza mbele ya mwalimu mwingine ambaye hatajua lilianzia wapi.

3. Mfano wa kutoa kwa kukopa

Tuchukue somo la hisabati, kutoa namba za tarakimu mbili kwa kukopa. Mwanachuo ameandika ubaoni 52 − 27, na watoto kadhaa wameleta jibu la 35. Amewawekea alama ya kosa na kuendelea. Je, amejua nini juu ya watoto hao?

Kwa kweli hajajua kitu, maana jibu hilo la 35 lina njia mbili. Mtoto wa kwanza ametazama safu ya mamoja, akaona 2 na 7, akatoa ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu: 7 kutoa 2 ni 5; kisha 5 kutoa 2 ni 3. Mtoto wa pili amekopa vizuri: 12 kutoa 7 ni 5; lakini amesahau kwamba makumi yamebaki 4, akafanya 5 kutoa 2, akapata 3. Wa kwanza hajaijua maana ya kukopa. Wa pili anaijua, ila hatunzi hesabu ya alichokopa. Dawa zao ni mbali mbali, lakini daftari limewaonyesha kuwa sawa.

Sasa mwanachuo huyo angeuliza 52 − 28. Jibu sahihi ni 24. Mtoto anayetoa ndogo katika kubwa angepata 36. Anayekopa bila kupunguza makumi angepata 34. Kwa kubadili tarakimu moja tu, swali limekuwa taa. Kwa hiyo tathmini haianzi mwisho wa kipindi. Huanza usiku unapochagua maswali ya zoezi. Kabla ya kuliandika swali katika andalio, lifanye kwa kila njia ya makosa unayoitazamia, uone kama majibu yanatofautiana. Hata 61 − 24 hufaa: sahihi ni 37, na makosa yale mawili hutoa 43 na 47.

Na pale unapopata jibu usilolitazamia, muulize mtoto kwa upole: "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Usimwambie kwanza kwamba amekosa. Mtoto akijua amekosa hufuta na kunyamaza, nawe umepoteza ulichokuwa ukikitafuta.

4. Darasa la watoto wengi

Hapa mwanachuo atatuuliza: nitawezaje kufanya hayo katika darasa la watoto 80? Swali hili ni la haki. Uwiano uliokusudiwa katika shule zetu za msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, lakini ni shule nyingi zinazouvuka, hasa tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima ilipoondolewa na watoto wengi zaidi wakaja kuandikishwa. Hatuwezi kumshauri mwanachuo kana kwamba atakuta watoto 30.

Utaratibu ufuatao unawezekana. Katika kipindi cha dakika 40, tenga dakika 10 za mwisho kwa maswali matatu tu, yaliyochaguliwa kama tulivyoeleza. Watoto wanapoandika, pita kati ya madawati kwa njia usiyoipita kila siku; anza nyuma. Kisha chukua madaftari 10 kutoka safu zote, ya mbele na ya nyuma, ya wavulana na ya wasichana. Usichukue ya wale walionyosha mikono. Yagawe katika mafungu matatu: waliopata, waliokosa kwa namna moja inayofanana, na waliokosa kwa namna usiyoielewa. Fungu la pili litakuonyesha cha kufundisha kesho. Fungu la tatu litakuonyesha wa kuzungumza naye wakati wa mapumziko. Madaftari yaliyobaki utayasahihisha alasiri, ukijua tayari unatafuta nini.

5. Tathmini inayozaa andalio la kesho

Baada ya kazi hiyo, mistari miwili huweza kuandikwa hivi. Namba zetu ni za mfano tu.

Tathmini: Waliohudhuria 78. Waliopata maswali yote 41. Waliotoa tarakimu ndogo katika kubwa 22. Waliokopa bila kupunguza makumi 9. Waliojumlisha badala ya kutoa 6.

Maoni: Kesho dakika 15 za mwanzo, wale 22 watumie vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Wale 9 waandike makumi yaliyobaki juu ya safu kabla ya kutoa. Wale 6 wasome alama kwa sauti kabla ya kuanza. Wale 41 watunge maswali ya kutoa yanayohusu duka au shamba, wabadilishane.

Tazama jinsi maoni hayo yalivyo tayari ni nusu ya andalio linalofuata. Na zana imepata sababu yake. Mtoto ana vifungu 5 na vijiti 2. Anatakiwa kutoa 28. Vijiti 2 havitoshi kutoa 8, hivyo anafungua kifungu kimoja kwa mkono wake. Sasa ana vifungu 4 na vijiti 12. Akitoa vijiti 8 vinabaki 4; akitoa vifungu 2 vinabaki 2. Kifungu kilichofunguliwa hakipo tena, naye amekiona kikiondoka. Zana iliyopambwa kwa rangi ili kumfurahisha mkufunzi haiwezi kushindana na vijiti hivyo vilivyookotwa nje ya darasa.

6. Mwalimu wa darasa na mkufunzi

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliyokutana Musoma iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977 badala ya 1989. Vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo, hivyo maelfu ya vijana waliomaliza Darasa la Saba walifunzwa ualimu vijijini, sehemu ya siku wakifundisha na sehemu ya siku wakisoma, chini ya uangalizi wa walimu wazoefu. Mpango ule ulikuwa na upungufu ambao umejadiliwa sana. Lakini ulikuwa na jambo moja la kujifunza: mwalimu aliyewahi kupita njia hiyo alikuwa karibu kila siku.

Nawe, mwalimu wa darasa unalopewa ndiye mkufunzi wako wa kila siku. Yeye anajua kwamba mtoto fulani hakosi kwa kutoelewa bali haoni ubaoni, na kwamba mwingine hufika amechoka kwa kutembea mbali. Mpelekee tathmini yako umuulize: "Hawa 22, mwalimu, umewaona hivi tangu lini?" Ukimwendea kwa heshima na swali la kazi, ni nadra akunyime jibu.

Ama mkufunzi kutoka chuoni, wako wanachuo wanaomwandalia somo lililokwisha kufundishwa, watoto wakajibu kwa pamoja kama wimbo. Mkufunzi mzoefu huutambua wimbo huo katika dakika tano za kwanza. Ni afadhali umkute na somo la siku yake, umfungulie ukurasa wa tathmini ya jana, umwoneshe jinsi andalio la leo lilivyotokana nayo. Baada ya kipindi, muulize jambo ambalo wewe mbele ya darasa hukuweza kuliona: ni watoto gani hawakuandika kitu, na waliacha kuandika lini?

7. Siku ya kuaga

Majuma ya mazoezi huisha, mwanachuo akapewa mkono wa kwaheri, akarudi chuoni. Watoto hubaki. Kwao majuma hayo hayakuwa mazoezi. Yalikuwa sehemu ya mwaka wao wa Darasa la Tatu, mwaka ambao hawatarudishiwa kwa sababu tu mwalimu wao alikuwa bado anajifunza. Hapana budi basi kumwachia mwalimu wa darasa karatasi moja: mada zilizofundishwa, zile zilizoshika, na majina ya watoto ambao bado wanahitaji vijiti, kila mmoja na kosa lake. Ukiwa umeijaza ile mistari miwili kila siku, karatasi hiyo utaiandika kwa nusu saa. Ukiwa uliandika kila siku "somo limeeleweka", hutakuwa na cha kuandika, na watoto wale 22 wataanza mada ya kugawanya kama ulivyowakuta.