Kabla ya Kupanda Mti: Jinsi ya Kuchagua Ngazi, Vikanyagio na Jukwaa

Katika mashamba na ploti za wadi ya Gatongora, eneobunge la Ruiru, kuna miti mingi ya avokado, makadamia, maembe na mikima ambayo imeupita urefu wa nyumba. Miti hiyo huhitaji kuchumwa au kupogolewa, na mara nyingi kazi hupewa kijana wa kibarua anayepanda kwa mikono mitupu. Kuanguka kutoka mita 3 au 4 kunatosha kuvunja uti wa mgongo. Makala haya yanawaelekeza wakazi jinsi ya kuchagua kitu cha kukanyagia kabla mtu hajaondoka chini.

Je, ni lazima kupanda?

Swali hili ndilo la kwanza. Avokado huchumwa vizuri kwa mti mrefu wenye kisu na mfuko nchani, mchumaji akiwa amesimama chini. Tunda hubaki na kikonyo kifupi, haligongi ardhi, na mnunuzi halikatai kwa kuwa na michubuko. Makadamia iliyokomaa huanguka yenyewe, kisha huokotwa. Mwenye miche iliyopandikizwa anaweza kuipogoa mapema ili isizidi mita 4 au 5. Mti mfupi hauhitaji mpandaji.

Panda tu pale ambapo kazi haiwezi kufanyika kutoka chini, kwa mfano kukata tawi zito linaloning'inia juu ya paa.

Vifaa vya wawindaji

Wakazi wengine wameona kwenye intaneti video za wawindaji wa Marekani wakifunga vikanyagio kwenye shina kwa mikanda, kisha wakikaa juu ya mti ndani ya mkanda wa kiunoni huku miguu ikiwa kwenye kijukwaa kidogo. Ikumbukwe kuwa nchini Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, kwa hivyo matumizi hayo hayana nafasi hapa. Hata hivyo, vifaa vya aina hiyo vinaweza kumfaa anayepogoa au kuchuma, mradi avichague kwa uangalifu.

Wazo lenyewe si geni Afrika Mashariki. Wahadzabe wa Tanzania hupigilia vigingi vya mbao kwenye mbuyu ili kufikia asali, na wakwezi wa Pwani hukata vidato kwenye shina la mnazi.

Ngazi

Kwa kazi nyingi za nyumbani, ngazi ndiyo chaguo bora. Zingatia haya:

- Ngazi ya miguu mitatu hutulia vizuri kwenye shamba lenye mteremko, kwa sababu mguu wa tatu hupita kati ya matawi na kusimama penye usawa.
- Ngazi ya kuegemeza iwekwe kwa kipimo cha nne kwa moja: ikienda juu mita 4, mguu wake ukae mita 1 kutoka shinani. Shina ni mviringo, kwa hivyo ifunge juu kwa kamba na mtu aishikilie chini hadi ifungwe.
- Ngazi ya mbao isipakwe rangi. Rangi huficha nyufa.
- Ngazi ya alumini au chuma isitumike kamwe karibu na nyaya za umeme.

Vikanyagio vya kufunga kwenye shina

Hivi hufaa pale ambapo ngazi haiwezi kusimama. Kuna vya kununua na vya kuchomelewa na mafundi wa jua kali. Kabla ya kulipa, tazama sehemu zilizochomelewa: mshono uwe mzima pande zote, usiwe na matundu wala kutu. Ncha ya kikanyagio iwe imeinuka kidogo ili mguu usiteleze nje.

Mkanda wa kufungia uwe wa nailoni au poliesta wenye bakuli imara. Kamba ya katani huoza kwa unyevu, na hata nailoni hudhoofika ikiachwa juani. Mkanda uliochanika, uliofifia rangi au uliokakamaa utupwe. Pima nafasi kati ya kikanyagio na kingine ili mtu asilazimike kuinua goti kupita kiuno.

Usipigilie misumari na vipande vya mbao kwenye shina. Msumari hung'oka bila onyo, hufungua jeraha la magonjwa kwenye mti, na siku ya kupasua mbao huharibu msumeno.

Jukwaa

Jukwaa humpa mfanyakazi mahali pa kusimama kwa muda mrefu bila kuchoka. Litoshe nyayo zote mbili, na uso wake uwe na matundu au meno. Udongo wetu mwekundu hunata kwenye viatu wakati wa mvua, na ubao laini huteleza kama sabuni.

Soma kiwango cha uzito kilichoandikwa. Hesabu mtu pamoja na mzigo: kilo 75 za mwili, kilo 5 za vifaa na kilo 10 za matunda ni kilo 90. Chagua kifaa kinachobeba zaidi ya hapo. Kisichoandikwa uzito kisitundikwe mtu.

Jukwaa halichukui nafasi ya mkanda wa usalama. Chagua mkanda unaoshika mapaja na kiuno pamoja, kwa kuwa wa kiuno pekee unaweza kumjeruhi anayening'inia. Ufungwe kwenye shina tangu mguu unapoondoka ardhini. Aliyeanguka akabaki ananing'inia bila kusogea anaweza kuzirai kwa dakika chache, kwa hivyo mtu asipande akiwa peke yake.

Uangalie mti wenyewe

Matawi ya avokado na mikima hukatika ghafla. Funga kwenye shina, si kwenye tawi. Gome la mkaratusi ni laini na hubanduka, hivyo mikanda huteremka. Mti uliooza ndani, wenye nyuki au uliolowa mvua uachwe.

Matawi yakigusa nyaya za umeme, usiyakate. Piga simu kwa Kenya Power kupitia nambari 97771.

Wajibu wa anayeajiri

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kuhakikisha usalama wa anayemfanyia kazi, vikiwemo vifaa. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huohuo inampa mfanyakazi aliyeumia haki ya kudai fidia. Kusema "alikuja na ngazi yake" si kinga. Anayeona gharama ya ngazi ni kubwa ailinganishe na miezi ya matibabu ya kijana anayetegemewa na familia.

Mtu akianguka

Usimwinue wala kumpakia kwenye bodaboda. Mwache alale alivyo, mzuie asigeuze shingo, mfunike apate joto, kisha piga 999 au 112. Kabla ya kazi kuanza, hakikisha aliye chini ana simu yenye chaji na anajua kueleza njia ya kufika shambani.