Mbuzi Kibogoyo

Mwishoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa misitu walioshughulikia maeneo makame ya Kenya walikuwa na hoja ya kweli. Ukame ulikuwa umeua mifugo, kuni zilifuatwa mbali zaidi mwaka hadi mwaka, na kandokando ya Ziwa Baringo udongo uliobaki uchi ulisombwa na kila mvua hadi ziwani. Ukitakiwa kutafuta mti wa mahali kama hapo, utataka nini? Ustahimili ukame, ukue haraka, usiogope chumvi, utoe kuni nzuri, na majani yake yasiwavutie mbuzi, maana mche mtamu haufiki mbali Baringo.

Mti wa namna hiyo ulikuwepo. Kwao ni Amerika ya Kati na Kusini na visiwa vya Karibi, jina lake la kisayansi ni Prosopis juliflora, na Wakenya wengi wanaujua kama mathenge. Mwaka 1973 ulikuwa umekwisha kupandwa Bamburi, karibu na Mombasa, kufunika machimbo ya mawe ya chokaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mradi wa kuni wa serikali, ukisaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ukaupeleka Baringo.

Wanaosimulia kisa hiki huruka upesi hadi kwenye madhara. Ukweli ni kwamba mradi ulifanikiwa. Miche ilishika, kivuli kikapatikana, kuni zikasogea karibu na nyumba. Mathenge ulitimiza kila ulichoombwa, na haukuishia hapo.

Uhodari wake uko chini ya ardhi kwanza. Katika mgodi mmoja wa Arizona, Marekani, mizizi ya mti wa jamii hii ilikutwa kina cha zaidi ya mita 50. Mti wenye mizizi ya namna hiyo hausubiri mvua kama nyasi zinavyosubiri. Lakini hata mizizi hiyo isingeufikisha mbali kama si maganda yake, yale marefu ya rangi ya manjano, yenye sukari tele. Majani mbuzi huyakwepa. Maganda huyafuata mpaka chini ya mti, hasa kiangazi, malisho mengine yakiisha. Nyama ya ganda huyeyuka tumboni, mbegu haiyeyuki. Inapita, ganda lake gumu likiwa limelainishwa, na inatoka siku kadhaa baadaye kilomita nyingi kutoka mti mama, imezungukwa na mbolea. Mbuzi, aliyelaumiwa kwa kumaliza miti ya Baringo, akawa mpandaji wa miti hodari kuliko mradi wowote.

Kisha zikaja mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mafuriko yakazoa mbegu na kuzitandaza mabondeni, na palipokuwa na malisho pakaota vichaka visivyopenyeka. Njia za mifugo zikaziba, na hata kulifikia ziwa ikawa kazi katika baadhi ya sehemu. Miiba ilitoboa matairi ya baiskeli na kwato za ng'ombe. Nyasi zilipungua chini ya vichaka hivyo, na mifugo ikazidi kutegemea maganda.

Hapo ndipo meno yalipoharibika. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Hukata majani kwa meno manane ya chini, akiyabana dhidi ya ufizi mgumu wa juu. Akila maganda siku baada ya siku, sukari na nyuzi hukwama kati ya meno hayo, ufizi huoza, na meno hung'oka. Mbuzi wa hivyo hufa njaa hata kama malisho yamejaa mbele yake. Mwaka 2006, wakazi wa jamii ya Ilchamus walipokwenda Mahakama Kuu Nairobi kuishtaki serikali, waliongozana na mbuzi kibogoyo awe kielelezo. Mwaka 2008 serikali iliutangaza mti huo kuwa gugu hatari kisheria.

Sikubaliani na wanaosema kosa lilikuwa kuleta mti wa kigeni. Mahindi na mihogo vilitoka bara hilohilo, na hakuna anayevishtaki. Ninachokiona mimi ni hesabu iliyofungwa mapema mno. Mradi wa kupanda miti huhesabu miche iliyoshika, ripoti huandikwa, wafadhili huondoka. Ganda la kwanza kuliwa na kusafiri ni jambo la miaka inayofuata, wakati hakuna ofisi tena yenye kazi ya kuliangalia. Na madhara mengine huwa mbali kabisa na fikra za mtu wa misitu. Huko Mali, watafiti waliondoa matawi yenye maua ya mti huu katika baadhi ya vijiji, na mbu wakapungua kwa karibu asilimia 60, kwa kuwa nekta ya maua hayo ilikuwa chakula chao.

Kuung'oa, basi? Kisiki kilichokatwa hutoa machipukizi mengi. Lazima uchimbe mpaka chini ya shingo ya mzizi, kazi ya jasho kwa kila mti mmoja. Mwanzoni Afrika Kusini ilileta wadudu kutoka Amerika, lakini wa kula mbegu tu, kwa sababu wapo waliotaka miti iliyokwisha kuota ibaki. Mifugo nayo mara nyingi huyawahi maganda kabla ya wadudu.

Kenya ilichagua kuupunguza kwa kuutumia: maganda yasagwe kuwa chakula cha mifugo, ambapo mbegu huvunjwa na meno husalimika, na shina lichomwe mkaa. Mkaa wake ni mzito na hukaa na moto, na kuna familia Marigat, huko Baringo, zinazolipa karo kwa magunia ya mkaa huo. Lakini mchoma mkaa hana haja ya kuchimba kisiki. Akikiacha, baada ya miaka michache atavuna tena palepale, huku jirani yake mfugaji akiendelea kusubiri nyasi. Leo mpango wowote wa kuumaliza mathenge Baringo una wapinzani wenye haki yao, na mkutano wa kijiji kuhusu jambo hilo hauishi kwa kauli moja.