Jahazi Juu ya Keki

Shoga yangu alinijia alasiri moja ya msimu wa kaskazi, akaketi barazani, akanyamaza kidogo kama anyamazavyo mwenye haja. "Mwanangu anatimiza miaka saba," akasema, "na babu yake anakuja kutoka Lamu. Mtoto hataki kasri wala gari la mbio. Ataka jahazi la babu." Nikaitikia upesi, kama tufanyavyo wengi wetu tuishio kwa kuuza keki, kabla ya kuuliza huyo babu ni nani. Nilipoambiwa kwamba ni fundi wa vyombo wa Matondoni, mtu aliyeshika tezo tangu ujana wake, tayari nilikuwa nimepokea arubuni.

Msomaji mpenzi, zipo familia zisizoadhimisha siku ya kuzaliwa, nami sitaingia katika mjadala huo hapa. Keki ya namna hii yaweza kuwa ya mwana aliyehitimu juzuu, ya Idi, au ya mgeni arejeaye safari. Kazi ya mikono ni ile ile. Kwa hakika ombi la mtoto huyu lilinipunguzia shida moja, kwani wazazi wengi huniomba nisitengeneze sanamu za watu wala za wanyama, nami huishia kuwapa maua tu. Jahazi halina uso. Halikadhalika ukuta wa mawe na mlango wa nakshi. Basi tukakubaliana: ghorofa ya chini iwe bahari na mchanga, ya pili iwe ukuta wa mji wenye mlango wa Kiswahili, na juu kabisa chombo chenyewe.

Keki ya kuchongwa haitaki kuwa laini mno. Ile keki nyepesi tuipendayo kwa chai hupukutika mara kisu kinapoigusa. Mimi hutumia keki nzito ya siagi: siagi gramu 225, sukari gramu 225, mayai manne, unga wa ngano unaojiumua wenyewe gramu 280, maziwa vijiko vitatu, na iliki iliyotwangwa. Kipimo hiki hutosha kibati kimoja kikubwa cha umbo la mkate, na humo ndimo jahazi lilimotoka. Ghorofa ya inchi 8, yenye kimo cha inchi 4, huhitaji kipimo hicho mara mbili. Ya inchi 12 huhitaji mara nne na ushee. Moto uwe wa nyuzi 160, wala usiwe na haraka. Keki ikishapoa hufungwa vizuri kwa karatasi ya plastiki, ikalala ndani ya friji usiku kucha. Keki baridi hukubali kuchongwa kama mbao. Yenye joto humeguka kama mchanga.

Asubuhi nilichora umbo la chombo kwenye karatasi mara mbili, moja kama kinavyoonekana kutoka juu na moja kutoka ubavuni, nikazibandika juu ya keki kwa vijiti vya meno. Kisha kisu cha mkate chenye meno, kwa mwendo wa msumeno, vipande vyembamba vyembamba. Hapa ndipo wanafunzi wangu huharibu. Hukata kipande kikubwa kwa ushujaa, kisha hutafuta namna ya kukirudisha. Nilianza na omo, nikaupunguza pande zote mbili hadi ukakutana katika ukali mmoja. Nikashuka kuelekea mkuku. Nikaliacha tezi limekatwa bapa, kama yalivyo matezi ya majahazi. Mwisho nikakwangua ndani kwa kijiko, kina cha kidole kimoja tu. Ukizidisha hapo, mbavu za chombo hufunguka. Makombo yote nikayaweka kando katika bakuli, nayo yalikuwa na kazi yake baadaye: kuyasaga pamoja na biskuti, yakawa mchanga wa pwani.

Sasa joto. Vitabu vingi vya keki vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao jikoni mwao siagi husimama wima. Mombasa mwezi wa pili hupita nyuzi 30, na krimu ya siagi huanza kulegea mapema kabla ya hapo. Nilipaka ganashi badala yake, yaani chokoleti nyeusi iliyoyeyushwa kwa krimu ya moto, uzito wa chokoleti ukiwa mara mbili ya krimu. Ikishaganda huwa kama lipu ya ukutani, na fondanti hupata mahali pa kushika. Baada ya kuvisha fondanti sikuirudisha keki katika friji. Ikitolewa kwenye baridi na kukutana na hewa yetu yenye unyevu, hutoka jasho, rangi zikachuruzika. Iliwekwa chumbani, chini ya feni, mbali na dirisha. Kwa sababu hiyo pia sikujaza krimu mbichi ya maziwa ndani. Keki ikaayo nje ya friji haistahili kujazwa kitu kichachukacho.

Mbao za chombo zilikuwa vipande virefu vya fondanti vilivyolazwa kimoja kimoja, nikavipaka kakao iliyokorogwa kwa maji kidogo, na brashi yenyewe ikaacha mistari kama ya mti. Mlango ulinichukua jioni nzima. Nilichonga mfaa wa katikati, nikapanga mawaridi na mnyororo pembeni kwa ncha ya sindano iliyooshwa, huku nikiutazama mlango wa jirani kila nilipokosa. Tanga nililikanda kwa fondanti iliyotiwa unga wa gundi ya kulika, ule uuzwao katika maduka ya vifaa vya keki, nikalilaza juu ya kopo la maziwa ili likauke likiwa limejaa upepo. Kwa unyevu wa pwani lilichukua siku tatu. Anayeanza kutengeneza tanga usiku wa kuamkia shughuli ajue atapeleka chombo cha makasia.

Nisimame kidogo kwenye viungo, maana huyu ni mtoto wa watu na walaji ni watoto wa watu. Someni maandishi ya pakiti. Jelatini, ambayo huandikwa pia E441, hupatikana katika peremende laini nyingi ambazo watu huziyeyusha kufanya fondanti ya nyumbani. Kama pakiti haikutaja asili yake wala haina alama ya halali, iacheni. Agari, itokanayo na mwani, huweza kushika mahali pake katika vitu vya kugandishwa. Vanila ya maji mara nyingi hutolewa kwa alkoholi. Ipo ya unga, nasi tuna iliki na maji ya waridi. Rangi nyekundu ya E120 hutokana na wadudu, basi muulizeni mwenye shughuli kama anairidhia.

Na ule unga unaong'aa wa dhahabu na fedha. Shoga yangu alitaka mlango ung'ae. Nilikataa, tukavutana kidogo, akaniona mgumu. Nikamweleza habari ya jimbo la Rhode Island, Marekani, ambako mwaka 2018 watoto sita walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopambwa kwa unga wa kung'aa; ilibainika kwamba ulikuwa na shaba nyingi. Kopo kuandikwa kwamba kilichomo si sumu hakumaanishi kuwa ni chakula. Lazima paandikwe wazi kwamba kinaliwa, na orodha ya viungo iwepo. Nisipoiona orodha, mimi silinunui. Mlango ukabaki rangi ya mvule.

Nina kisa kimoja cha zamani ambacho bado hunitoa jasho. Keki yangu ya kwanza ya ghorofa niliipanga nyumbani, nikaipakata katika tuktuk, moja juu ya nyingine bila nguzo. Kwenye tuta la pili ghorofa ya juu ilizama ndani ya ile ya chini kama mtu aliyekanyaga tope. Nilirudisha fedha zote na bado nikaona haya. Tangu siku hiyo kila ghorofa yangu hukaa juu ya kadibodi yake ngumu, na ile iliyo chini yake huchomekwa mirija minene ya plastiki, mitano au sita, iliyokatwa sawasawa na kimo cha keki. Uzito hubebwa na mirija, si na keki. Tena sipangi nyumbani. Ghorofa mbili, chombo na tanga vilivuka kivuko cha Likoni kila kimoja katika sanduku lake, nami nikavipanga huko huko kwa mwenye shughuli, jasho likinitoka, watoto wamejaa mlangoni.

Mlingoti ulikuwa kijiti cha mshikaki kilichokatwa ncha na kuingizwa ndani ya mrija, ili kisigusane na keki na kitoke kwa urahisi. Nilimhesabia mama wa mtoto kila kijiti na kila mrija uliomo, naye akaviandika, kwa kuwa vyote sharti vitolewe kabla ya kipande cha kwanza kupewa mtoto.

Babu aliingia baada ya swala ya Alasiri. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole, akaenda moja kwa moja kwenye meza na mikono yake nyuma. Aliinama. Alitazama omo, akatazama tezi, akapita upande wa pili. Mtoto alimfuata hatua kwa hatua bila kusema neno. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na pazia, na nakiri kwamba sijawahi kumwogopa mteja yeyote kama nilivyomwogopa mzee yule.

"Mbao umezilaza vyema, mwanangu," akasema. "Lakini chombo hiki kinakwenda wapi, na mlingoti umesimama kama mnara?"

Sikuelewa. Akamwita mjukuu wake. "Waonyeshe. Mlingoti wa jahazi hulala wapi?" Mtoto akauelekeza mkono wake mbele, kuelekea omo. Ndipo nilipokumbuka kila jahazi nililoliona tangu utotoni likipita mbele ya Mji wa Kale, na kila moja lilikuwa limeinamisha mlingoti mbele, nami sikuwahi kulitazama. Mzee akaomba ruhusa, akachomoa kijiti, akakichomeka upya kwa mshazari kando ya tundu la kwanza, akalisogeza tanga kwa kidole kimoja. Chombo kikaanza kwenda.

Mtoto alikataa katakata jahazi lisikatwe. Bahari ililiwa, ukuta ukaliwa, mlango wakagawana binamu wawili baada ya ugomvi mfupi. Siku ya tatu nilimpigia simu mama yake kuulizia masanduku yangu. Akaniambia tanga lilikuwa limekwisha lala kwa unyevu, basi asubuhi ile, kabla babu hajaondoka kwenda kupanda basi la Lamu, chombo kilikatwa kwa chai. Mtoto alijichukulia omo. Tezi alipewa babu.